Sufuria ya maharage ina kodi ndani yake

Bei ya nishati ndiyo huamua mtoto atakula nini jioni. Fahamu jinsi tozo, ruzuku na makatazo ya mazingira yanavyoingia jikoni kwa familia za Sumbawanga, Ufipa na bonde la Ziwa Rukwa.

Sumbawanga. Kila mwaka mwezi Juni mambo mawili hukutana katika nyanda za juu za Ufipa. La kwanza ni baridi. Mji wa Sumbawanga uko juu sana kutoka usawa wa bahari, na msimu huo wazazi huwavalisha watoto masweta mawili na familia hujikusanya karibu na jiko la mkaa mapema kuliko kawaida. La pili ni bajeti. Dodoma, waziri wa fedha husimama bungeni na kutaja tozo zinazopanda, zinazoshuka na zinazoanza.

Wengi husikiliza bajeti wakingoja habari za soda, bia na sigara. Lakini sehemu inayomgusa zaidi mzazi wa Sumbawanga mara nyingi hupita bila kelele. Ni ile inayohusu mafuta, umeme, gesi na mazao ya misitu. Hapo ndipo gharama ya kuivisha chakula hupangwa, na gharama ya kuivisha chakula ndiyo huamua chakula chenyewe.

Fikiria sufuria ya maharage. Maharage ni kitoweo cha bei nafuu chenye protini, na Ufipa hulimwa kwa wingi. Shida yake ni moja: hula moto. Yakipikwa makavu bila kulowekwa, yanaweza kukaa jikoni saa mbili, tatu au zaidi. Mkaa unapopanda bei, mama mwenye watoto wanne hahitaji mchumi wa kumweleza la kufanya. Maharage yatapikwa mara mbili kwa wiki badala ya nne, na siku zilizobaki ugali utaliwa na mboga za majani zinazoiva kwa dakika kumi.

Hili si jambo dogo kwa mkoa huu. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 49.8 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Rukwa wamedumaa, wakati wastani wa taifa ni asilimia 30. Mkoa unaolisha mikoa mingine mahindi una karibu nusu ya watoto wake wasiofikia kimo cha umri wao. Udumavu una sababu nyingi: maradhi ya kuhara, unyonyeshaji, kazi nyingi za mama, mlo usiochanganywa. Kuni na mkaa vinaingia katika orodha hiyo kwa mlango wa nyuma, kwa kuamua kinachopikwa na mara ngapi.

Kodi ya mazingira ni nini?

Serikali ikitaka watu wapunguze kitu kinachoharibu hewa, misitu au maji, ina njia tatu kuu.

Ya kwanza ni kukifanya kiwe ghali. Kinawekewa kodi, ushuru au tozo, na mtumiaji mwenyewe anaamua kupunguza. Hii ndiyo kodi ya mazingira.

Ya pili ni kufanya mbadala wake uwe rahisi. Serikali inatoa ruzuku au inaondoa kodi kwenye kitu safi zaidi.

Ya tatu ni kukikataza kabisa, kama ilivyofanyika kwa mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 1 Juni 2019. Waliokuwa wakipewa mfuko wa bure dukani walijifunza kubeba kikapu kutoka nyumbani.

Mfuko wa plastiki ulikuwa na mbadala wa papo hapo. Kikapu kipo, gunia lipo, mfuko wa kitambaa upo. Kwa hiyo katazo lilishika. Chakula cha jioni ni jambo jingine. Mzazi hawezi kuacha kupika hadi mbadala ufike. Akipandishiwa bei ya anachotumia leo bila kuletewa kingine anachoweza kukimudu, ataendelea kukitumia na kupunguza mahali pengine: kwenye daftari la shule, kwenye nauli ya kliniki, au kwenye sufuria yenyewe.

Kipimo cha kwanza cha kodi yoyote ya mazingira kwa familia ni hicho: je, mbadala upo karibu, na unalipika?

Tozo zilizo kwenye Luku na kituo cha mafuta

Chukua risiti ya Luku. Bei ya uniti moja kwa mteja wa kawaida wa nyumbani wa daraja la T1 ni Sh292 kabla ya makato. Juu yake kunaongezwa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) asilimia 18, asilimia 3 ya kupeleka umeme vijijini kupitia Wakala wa Nishati Vijijini (REA), na asilimia 1 ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (Ewura). Jumla inafika Sh356 na senti kadhaa. Nje ya hapo, tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia Luku. Ilianza kwa Sh1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na mwaka 2023 ikawa Sh1,500.

Ile asilimia 3 inastahili kuangaliwa vizuri. Ni tozo anayolipa mwenye umeme ili asiye nao aupate. Mfanyakazi wa mjini anaponunua uniti, anachangia nguzo ya kijijini. Mafuta nayo huchangia: katika bajeti ya mwaka 2015/16 tozo ya mafuta kwa ajili ya kazi hiyo ilipandishwa kutoka Sh50 hadi Sh100 kwa lita ya petroli na dizeli, na hadi Sh150 kwa lita ya mafuta ya taa.

Mafuta ya taa yana historia yake. Mwaka 2011 ushuru wake ulipandishwa kutoka Sh52 hadi Sh400.30 kwa lita. Sababu haikuwa moshi wa koroboi. Wafanyabiashara walikuwa wakichanganya mafuta ya taa ya bei nafuu na dizeli ili kupata faida, na injini za watu zikaharibika. Uchakachuaji ulibanwa, lakini bili ilimfikia pia mwanafunzi aliyekuwa akijisomea kwa kibatari na mama aliyekuwa akichemshia uziwa mtoto kwa jiko la utambi. Wengi wao walirudi kwenye kuni na mkaa. Tozo iliyolenga wadanganyifu wa vituoni iliishia pia kwenye mapafu ya watu wasiohusika.

Kisha kuna tozo za barabara. Mwaka 2021 lita ya petroli na dizeli iliongezewa Sh100 kwa ajili ya barabara za vijijini, na mwaka 2023 ikaongezwa Sh100 nyingine kwa ajili ya miradi ya maendeleo. Katikati, Juni 2022, bei ya mafuta duniani ilipopaa, Serikali ililazimika kutoa ruzuku ya Sh100 bilioni kwa mwezi ili kupunguza makali.

Sh100 kwa lita inamfikiaje mzazi asiye na gari? Tuseme lori linatoka Dar es Salaam, linapita Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, safari ya zaidi ya kilomita 1,000, kisha linarudi. Tuseme kwa kwenda na kurudi linachoma lita 1,000 za dizeli. Nyongeza ya Sh100 kwa lita inakuwa Sh100,000. Kama limebeba tani 10, hiyo ni Sh10 kwa kila kilo ya mzigo.

Sh10 ni kidogo, na ni haki kusema hivyo. Anayedai kuwa tozo moja imepandisha bei ya kila kitu maradufu anatia chumvi. Lakini safari si moja. Mbolea inapanda kuja Ufipa kwa dizeli. Mahindi yanashuka kwenda sokoni kwa dizeli. Mashine ya kusaga ya kijiji kisicho na umeme inaunguruma kwa dizeli. Bodaboda inayompeleka mjamzito kituo cha afya inakunywa petroli. Kila hatua inaongeza kidogo, na aliye mwisho wa barabara hulipa hatua zote. Ndiyo maana bei elekezi za Ewura za kila mwezi huonyesha lita moja ikiwa ghali zaidi wilaya za mbali kuliko Dar es Salaam.

Gesi ya kupikia nayo hupanda lori lile lile. Nishati ambayo Serikali inataka Sumbawanga itumie inasafiri zaidi ya kilomita 1,000 na kulipia dizeli njia nzima, wakati mkaa unaoshindana nayo unatoka kwenye miti ya miteremko ya karibu.

Mkaa: ghali kwa msitu, rahisi kwa mfuko

Kwenye karatasi, mkaa hutozwa. Anayevuna anatakiwa kuwa na kibali, kulipa ushuru kwa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) na kupita kwenye vizuizi akiwa na hati. Kwa kweli sehemu kubwa ya mkaa husafiri usiku, kwa baiskeli, kwa pikipiki, au chini ya mizigo mingine. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2009 ilikadiria kuwa Tanzania hupoteza takriban Dola milioni 100 za Marekani kwa mwaka kwa mkaa usiolipiwa.

Matokeo yake, bei ya gunia mjini inalipia jasho la mchomaji, nauli na faida ya wachuuzi, lakini mara nyingi hailipii mti. Na miti ni mingi kuliko inavyodhaniwa: tanuri la kienyeji la udongo huweza kula kilo tano hadi kumi za kuni kutoa kilo moja ya mkaa. Takwimu za Serikali zinasema nchi hupoteza takriban hekta 469,000 za misitu kwa mwaka, na nishati ya kupikia ni moja ya sababu, pamoja na kilimo.

Ufipa inalijua hili bila takwimu. Sehemu kubwa ya uwanda wa juu ni nyasi tupu. Wakulima wa Kifipa tangu zamani waliizoea ardhi isiyo na miti, wakifukia majani chini ya matuta ili yaoze na kuwa mbolea. Kuni zilikuwa adimu na bado ni adimu. Familia nyingi za vijijini huchomea magunzi na mabua ya mahindi, na wanawake hufuata kuni mbali. Msitu wa Mbizi ulio juu ya mji wa Sumbawanga umehifadhiwa, na ni chanzo muhimu cha maji kwa watu walio chini yake.

Kwa nini basi Serikali isipige marufuku mkaa moja kwa moja? Ilishajaribu. Mwaka 2006 biashara ya mkaa ilizuiwa nchini. Bei ikapanda ghafla mijini kwa sababu watu walihitaji kupika siku ile ile, na katazo halikudumu.

Ipo pia kodi ambayo haijawahi kusomwa bungeni, na inalipwa kwa pumzi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwamo watoto wa chini ya miaka mitano zaidi ya 237,000. Kwa Tanzania, takwimu inayotumiwa na Serikali ni takriban vifo 33,000 kwa mwaka. Moshi wa jikoni karibu huongeza maradufu uwezekano wa mtoto mdogo kupata nimonia. Anayelipa zaidi ni mama anayekoroga na mtoto aliye mgongoni mwake, kwa kuwa ndio walio karibu na mafiga.

Bondeni Kaoze, mkaa ni ada ya shule

Ukiteremka kutoka uwandani kwenda upande wa Ziwa Rukwa, baridi hubaki nyuma. Kaoze ni moja ya kata za bonde hilo katika Wilaya ya Sumbawanga. Ni nchi ya joto, mpunga, mahindi na mifugo, na miti ni mingi kuliko kule juu. Barabara za kupanda ni kali, na mvua ikinyesha sana usafiri unakuwa wa shida.

Katika vijiji kama hivi, mkaa na kuni si nishati tu. Ni fedha ya miezi ambayo mpunga haujakomaa. Mkulima aliyeishiwa akiba anajua kuwa gunia la mkaa linaweza kuuzwa leo na kununua daftari kesho. Kwa familia ya namna hiyo, tozo kubwa ya mkaa au kizuizi kikali njiani humaanisha ada ya shule iliyokosekana.

Kwa hiyo kodi moja ina sura mbili ndani ya mkoa mmoja. Kwa mama wa mjini inapandisha gharama ya kupika. Kwa baba wa bondeni inapunguza kipato. Wote wawili wana watoto. Sera inayoangalia mti pekee huwakosa wote wawili.

Kuna mahali walijaribu njia nyingine. Wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, kuanzia mwaka 2012 mradi uliosimamiwa na mashirika ya TFCG na Mjumita uliruhusu vijiji kuvuna mkaa kwa mpango. Eneo dogo la msitu wa kijiji linavunwa, visiki vinaachwa vichipue, na wavunaji hawarudi hapo hadi baada ya miaka zaidi ya 20. Ushuru haukwenda mbali. Ulibaki kijijini, na wanakijiji wakakaa mkutanoni kuamua uende wapi: madarasa, maji, huduma za afya, na baadhi walilipia kaya bima ya afya ya jamii.

Hapo kuna kipimo cha pili cha kodi ya mazingira: fedha inakwenda wapi? Mtu anayeona tozo ikigeuka kuwa zahanati huilipa kwa moyo tofauti na anayeiona ikipita kizuizini na kupotea.

Mtungi wa nusu bei, na swali la kujaza

Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034. Lengo ni asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi kufikia mwaka 2034. Mwaka 2021 waliokuwa wakiitumia walikuwa chini ya asilimia 7. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku, kama shule za bweni na magereza, ziliagizwa kuachana na kuni na mkaa. Na kupitia REA, mitungi ya gesi ya kilo sita imekuwa ikiuzwa wilayani kwa ruzuku ya asilimia 50.

Ruzuku hii ni kodi ya mazingira iliyogeuzwa upande wa pili. Badala ya kumwadhibu mwenye mkaa, inampunguzia mzigo anayetaka kuuacha. Ni hatua njema, kwa sababu kikwazo cha kwanza cha gesi ni ile fedha nyingi ya kuanzia.

Kikwazo cha pili ni siku mtungi unapoisha. Mkaa hununuliwa kwa kopo. Mwenye Sh1,000 mkononi jioni anaweza kupika. Gesi hudai fedha yote ya kujaza kwa mara moja, na wauza vibarua na wakulima hawapati fedha kwa mtindo huo. Hivyo ndivyo mtungi ulionunuliwa kwa shangwe unavyogeuka meza ya kuwekea ndoo ya maji. Mwenye nyumba bado anaipenda gesi, ila fedha yake huja kidogo kidogo.

Umeme nao una mtego wake. Mteja wa daraja la D1, anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, hulipa Sh100 kwa uniti kabla ya makato, ambazo zinakuwa Sh122. Uniti 75 kwake ni Sh9,150. Uniti hizo hizo kwa mteja wa T1 ni takriban Sh26,700. Mama wa D1 akiamua kupika kwa umeme na kuvuka 75, uniti za ziada hupanda bei karibu mara tatu au zaidi. Anayejaribu kufuata ushauri wa Serikali wa kupika kwa nishati safi anaweza kujikuta ametoka kwenye nafuu ambayo Serikali hiyo hiyo ilimpa. Hili ni eneo ambalo wabunge wanaweza kulihoji.

Kwa Sumbawanga kuna jambo moja zaidi. Kwa miaka mingi mji huu haukuwa kwenye gridi ya taifa. Umeme wake ulinunuliwa Zambia na kusaidiwa na jenereta za dizeli. Ujenzi wa njia kubwa ya umeme kutoka Iringa, Mbeya na Tunduma kuja Sumbawanga unamhusu mpishi wa nyumbani kama unavyomhusu mwenye kiwanda, kwa kuwa jiko la umeme linahitaji umeme usiokatika saa kumi na mbili jioni.

Kenya ilijifunza kwa gharama

Jirani ametoa somo linalofaa kusomwa na kila mzazi. Mwaka 2016 Kenya iliondoa VAT kwenye gesi ya kupikia. Mwaka 2018 ikaweka tozo ya Sh18 za Kenya kwa lita ya mafuta ya taa, kwa sababu ile ile ya uchakachuaji. Hadi hapo, familia iliyoacha mafuta ya taa ilikuwa na mahali pa kukimbilia. Kisha Julai 2021 VAT ya asilimia 16 ikarudishwa kwenye gesi, na familia zikabanwa pande zote mbili. Mwaka uliofuata ilipunguzwa hadi asilimia 8, na Julai 2023 ikaondolewa tena.

Mwaka 2024 likaja pendekezo la tozo ya mazingira kwa bidhaa zinazoacha taka ngumu, zikiwamo nepi za watoto. Kwa maana ya mazingira, hoja ilikuwepo: nepi za kutupa hazizi haraka. Kwa mzazi mwenye pacha, hoja ilikuwa nyingine. Tozo hiyo ilikuwa moja ya mambo mengi yaliyowaudhi watu katika muswada wa fedha, na baada ya maandamano ya Juni 25, Rais William Ruto alikataa kuutia saini muswada wote.

Somo si kwamba tozo za mazingira ni mbaya. Somo ni mpangilio. Mbadala utangulie, tozo ifuate, na sheria isibadilike kila msimu, kwa sababu aliyenunua jiko la gesi kwa kuamini bei ya mwaka huu atasita mara ya pili.

Unachoweza kufanya nyumbani

Wakati sera zinajadiliwa, chakula cha leo lazima kiive. Haya yanapunguza gharama na moshi bila kusubiri bajeti ijayo.

Pima kabla ya kuamua. Kwa mwezi mmoja andika kila kopo la mkaa ulilonunua na bei yake. Kama una mtungi, andika tarehe ulipouwasha na ulipoisha. Familia nyingi hudhani mkaa ni nafuu kwa sababu haziujumlishi.

Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji hayo na upike kwa maji mapya. Funika sufuria. Muda wa kuiva hupungua sana, na moto nao.

Tenga fedha ya kujaza gesi kidogo kidogo. Kibubu au kikundi cha akina mama cha kuwekeana kila wiki hugeuza gharama ya mara moja kuwa kama kopo la mkaa.

Changanya nishati kwa akili. Uji wa ulezi wa asubuhi na chai vipikwe kwa gesi, maharage kwa jiko banifu la mkaa. Kila saa isiyo na moshi ni faida kwa mtoto.

Kama unatumia kuni, ziwe kavu, pika nje au fungua dirisha na mlango, na mtoto asikae mgongoni wakati unakoroga.

Usilale na jiko la mkaa ndani. Kwa baridi ya Ufipa kishawishi ni kikubwa. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Anayeumwa kichwa, kuona kizunguzungu au kutapika karibu na jiko atolewe nje kwenye hewa mara moja na apelekwe hospitali. Mkaa ulioonekana kuzimika bado ni hatari. Mtoto apashwe joto kwa nguo na blanketi.

Hesabu pumzi za mtoto mwenye kikohozi akiwa ametulia, kwa dakika moja nzima. Aliye chini ya miezi miwili akipumua mara 60 au zaidi, wa miezi miwili hadi 11 mara 50 au zaidi, wa mwaka mmoja hadi chini ya mitano mara 40 au zaidi, au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Maswali ya kuuliza Juni ijayo

Bajeti ikisomwa tena, mzazi hahitaji shahada ya uchumi kuielewa. Kwa kila tozo inayotajwa kwa jina la mazingira, maswali ni matatu. Kinachopandishwa bei kina mbadala hapa nilipo, si Dar es Salaam? Mbadala huo unalipika kwa fedha inayoingia kidogo kidogo? Na fedha itakayokusanywa itarudi kwa nani?

Diwani na mbunge wanaweza kuulizwa maswali hayo kwenye mkutano wa kijiji, Kaoze kama mjini Sumbawanga. Majibu yake yataonekana jioni, kwa idadi ya siku ambazo maharage yanapikwa.